Springi Moja kwa Kila Gari

Vijana wa karakana mliniomba niandike, nami nikakubali kabla sijafikiri, kosa ambalo nimelifanya mara nyingi maishani. Nimestaafu juzi tu. Kucha zangu bado zina oili. Habari za vyeo sitaziandika kwa sababu ni fupi, na za mshahara kwa sababu zinasikitisha. Nitaandika zaidi juu ya springi ya pedali ya mafuta, kitu kisichozidi urefu wa kidole, ambacho kilininyima usingizi siku nne na ambacho, nikisema kweli, hakijaniachia mpaka leo.

Nilianza kazi baada ya vita vya Kagera, katika karakana ya serikali mjini Musoma. Nilikuwa nakaa Buhare na natembea kwa miguu. Magari yaliyokwenda vitani yalikuwa yamerudi bila vioo, mengine bila milango, na moja lilirudi na usukani wa gari la aina nyingine kabisa, na hakuna aliyeweza kueleza. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe kwa sababu mama alisema kazi ya serikali ni kazi ya ofisini. Fundi mkuu, Mzee Mafuru, Mjita mrefu mwenye sauti ya chini, aliliangalia lile shati kwa huruma, akanipa kopo la mafuta ya taa na brashi, akanionyesha gia boksi iliyokuwa imefunguliwa na kulazwa juu ya gunia. Ilipofika saa tisa na nusu shati halikuwa na rangi yenye jina. Mama hakuniuliza habari za ofisi tena.

Somo la kwanza alilonipa Mzee Mafuru halikuhusu spana. Alinipigisha magoti kando ya mlango wa dereva, akaniambia nikandamize pedali ya mafuta kwa mkono halafu niiachie ghafla.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia imegonga."

"Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Irudi yenyewe na igonge. Isiporudi, usiwashe gari ya mtu. Gari isiyowaka inamchelewesha mtu tu. Isiyokubali kutulia ndiyo inauaga."

Kwa wale mliozoea magari ya siku hizi, nieleze. Ukikanyaga mafuta, fimbo inavuta mlango mdogo ndani ya kabureta, injini inapata hewa na petroli, gari linakimbia. Ukiinua mguu, springi moja ndiyo inayourudisha ule mlango ufunge. Springi ikikatika, uzito wa pedali na fimbo zake unauacha mlango wazi. Mguu umeinua, lakini injini haijui.

Halafu spea zikaadimika. Miaka ile sabuni ilikuwa habari na sukari ilikuwa sherehe. Stoo yetu ilikuwa na rafu ndefu zenye vibandiko vya majina ya vifaa, na chini ya kila kibandiko kulikuwa na vumbi. Breki tulizipa maji ya sabuni badala ya oili yake, pale sabuni ilipopatikana. Swichi za kuwashia zilipokufa tuliunganisha waya chini ya dashibodi. Springi ya mafuta ilipokatika tulikata ukanda wa tyubu ya baiskeli tukaufunga pale. Mpira ule ukikaa karibu na joto la injini na oili unalainika. Baada ya wiki chache pedali inarudi kwa uvivu, kama mtu aliyeitwa kufanya kazi Jumapili. Kila dereva aliyepita kwetu aliuliza springi ya chuma, na kila siku tulimwambia aje kesho.

Nyuma ya kiwanda kimoja cha nguo kulikuwa na lundo la mitambo chakavu. Niliomba ruhusa nikachambua pale siku nzima, nikatoka na springi tisa, nene, zenye nguvu nzuri. Tatizo lilikuwa ncha zake, hazikuwa na ndoano ya kushika kwenye fimbo. Nilijaribu kuzikunja kwa koleo zikagoma. Basi nikazitia ncha kwenye jiko la mkaa mpaka zikawa nyekundu, nikazikunja vizuri, nikazichovya kwenye maji. Nilijisikia fundi kweli siku ile.

Mzee Mafuru alikuwa amebakiza siku chache kustaafu na kurudi kwao Majita. Alichukua moja, akaigeuza kwenye mwanga, akaweka kidole pale penye ndoano palipogeuka rangi ya buluu.

"Hapa umepapitisha moto."

"Ndiyo, mzee."

"Na ukapatia maji."

"Ndiyo."

"Springi ikishaonja moto siyo springi tena, Masatu. Hapa patakatika. Siyo leo. Kama huna namna, weka mbili mbili kila gari. Moja ikikatika, nyingine inashika mpaka mtu afike kwake."

Sikulisahau neno lake. Nililifanyia hesabu, na hapo ndipo nilipokosea. Springi tisa mbili mbili ni magari manne, na moja inabaki. Lakini waliokuwa wakiniomba walikuwa tisa. Nyie hamkuiona ile miaka. Balozi wa nyumba kumi akiletewa sukari, hakuzipa nyumba tano kilo nzima nyingine zikakosa. Aligawa nusu nusu, na ambaye angegawa vinginevyo asingesalimiwa mtaani. Tulifundishwa kwamba haki ni kila mtu apate. Nikagawa kama balozi, springi moja kwa kila gari. Hakuna aliyeondoka mikono mitupu, na watu walinisifu kutoka Kitaji mpaka Bunda wakaniita Fundi Springi. Mzee Mafuru alikuwa ameshaondoka. Sikuandika popote niliyempa, kwa kuwa ulikuwa msaada tu, na msaada hauandikwi.

Miezi ikapita. Kila gari kati ya yale lilipopita mbele ya karakana nilisikiliza injini yake. Nilijiambia kuwa nasikiliza kwa fahari.

Msimu wa pamba ulipofika, Alhamisi moja, pikapu ya chama cha msingi ilitoka Nyamuswa na marobota ya pamba ikielekea Bunda. Dereva aliitwa Zakaria, Msabato, mtu wa makamo asiyekunywa hata chai ya rangi. Alipokaribia mjini Bunda injini ikaanza kulia kwa nguvu, gari likaongeza mwendo, likaacha barabara likaparamia lundo la pamba lililokuwa likisubiri mizani. Pamba ndiyo iliyolisimamisha. Lakini kabla ya hapo lilikuwa limesukuma benchi ambalo Mama Rhobi, muuza ndizi, alikuwa amelikalia. Mguu wake ulibanwa kati ya benchi na ukuta, ukavunjika.

Wote waliokuwapo walisema jambo moja: injini ilikuwa inanguruma mpaka mwisho. Mtu anayekanyaga breki injini yake haingurumi hivyo, kwa hiyo Zakaria alikanyaga mafuta akidhani ni breki. Lilikuwa wazo la akili timamu. Hata mimi ningesema hivyo.

Mkaguzi wa magari wa polisi alikuwa safarini, wakaomba fundi kutoka kwetu. Nikatumwa mimi. Ijumaa asubuhi nilifungua boneti ya ile pikapu kwenye uwanja wa kituo, na kabla sijagusa kitu niliiona springi yangu ikining'inia upande mmoja. Ndoano ilikuwa imekatika pale pale palipokuwa na buluu. Kipande chenyewe kilikuwa kimeangukia juu ya injini, kidogo, kimejipinda. Nilitazama nyuma. Askari aliyekuwa ananisindikiza alikuwa akiongea na mtu getini. Nikakiokota kile kipande na springi yake nikavitia mfukoni.

Sina maneno mazuri ya kulieleza hilo. Mkono ulikwenda wenyewe, kisha akili ikaanza kuutafutia sababu.

Kwenye fomu niliandika: breki dhaifu, usukani mzima, taa hakuna. Kwenye mfumo wa mafuta niliandika kwamba ukaguzi haujakamilika. Wakati natoka nilipita kando ya dirisha la mahabusu, lenye nondo, na Zakaria akaniita. Alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili na paji la uso lina plasta.

"Fundi, umeona nini?"

"Bado naangalia, kaka."

"Mi nilikanyaga breki. Nilikuwa nakanyaga, inalia, nakanyaga, inazidi. Nikakanyaga klachi ikalia kama inataka kupasuka, nikaogopa nikaachia. Kuzima siwezi, zile waya ziko chini kule." Akatazama miguu yake. "Nadhani nilikanyaga breki."

"Tutaona," nikasema, nikaondoka haraka. Kile kipande kilikuwa kinanichoma pajani, au ndivyo nilivyodhani.

Sababu ambayo akili yangu ilinitafutia ni hii, na muipime wenyewe. Yalibaki magari manane yenye springi zangu. Hakuna aliyejua ni yapi isipokuwa mimi, na hakuna karatasi. Nikikiri leo wataniweka ndani leo, na kesho mojawapo litaingia sokoni au kwenye watoto wa shule. Basi nikusanye kwanza, nikiri baadaye. Kesi ilikuwa Jumanne. Ilikuwa sababu ya kweli kabisa, na ilinifaa vizuri mno, ndiyo maana mpaka leo siiamini.

Jumamosi nilipata mawili, yote yakiwa yameharibika kwa mambo mengine na kuegeshwa pale pale karakana. Wazee wenu watakumbuka kwamba siku zile, kwa ajili ya uhaba wa petroli, magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana. Watu waliilaani sana ile sheria. Mimi Jumapili ile niliibariki, kwa maana nilijua kwamba kuanzia saa nane kila gari ninalolitafuta limesimama mlangoni kwa mwenyewe, na litasimama hapo mpaka asubuhi. Nilipanda baiskeli na mfuko wa spana na kanda za tyubu.

Hakuna aliyefurahi kuniona. Jaribuni nyie kwenda kwa mtu ambaye gari lake linatembea, katika nchi ambayo magari hayatembei, mkamwambie mnataka kumtoa kitu. Pale Kitaji nilisema ni ukaguzi wa kawaida. Mwenye gari akanishangaa.

"Unanitoa springi ya chuma, unaniwekea raba?"

"Mbili. Naweka mbili."

"Hata kama ni kumi, fundi. Si ni wewe ulisema raba siyo kitu?"

Nilimbembeleza mpaka akachoka. Wa pili nilimdanganya kwamba nimepata nyingine bora zaidi, zinakuja wiki ijayo. Wa tatu hakuwapo, nikafungua boneti mbele ya mke wake nikamwambia mzee ameagiza. Kila springi niliyoitoa niliikagua juani. Zilionekana nzima, na hilo lilinitia hofu kuliko kama ningeona ufa, maana ile ya Zakaria nayo ilikuwa nzima asubuhi ya Alhamisi.

Gari la sita, ukihesabu na yale mawili ya Jumamosi, lilikuwa kwa Mama Nyabise wa Buhare, mjane mwenye pikapu ya kubebea dagaa, mwanamke ambaye wavuvi wenyewe walimwogopa. Alikuwa ameanika dagaa uani. Nilianza hadithi ya ukaguzi wa kawaida. Aliniacha nimalize, akaja akasimama mbele ya boneti, akaweka mikono kiunoni.

"Masatu, mi nakujuaga tangu unatembea bila kaptula. Leo unasema uongo. Hii gari ina nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, moto, maji, neno la Mzee Mafuru, kipande mfukoni. Nilikitoa nikamwonyesha. Ilikuwa mara ya kwanza kukitoa mbele ya mtu, na kikaniponyoka kikaanguka kwenye dagaa ikabidi tukitafute wote wawili.

Alipokipata alikiweka kwenye kiganja changu, akaufunga mkono wangu juu yake.

"Toa springi yako," akasema. "Na yule dereva ameambiwa?"

"Bado."

"Amekaa lokapu siku ya nne leo, hajui?"

"Nitasema Jumanne, mama. Nikishamaliza magari."

"Haya. We kusanya vyuma. Mwenzako anakusanya dhambi yako kule ndani, na wala siyo yake." Akarudi kwenye dagaa wake. Hakunikaribisha maji, na nyumbani kwa Mama Nyabise hilo lilikuwa jambo kubwa.

La saba nililipata jioni ile ile kwa fundi seremala, bila ubishi, kwa kuwa alikuwa mgonjwa wa malaria na alikubali kila nilichosema. Likabaki moja, gari la kubebea wagonjwa la zahanati moja upande wa Butiama. Hilo halikuhusika na marufuku ya Jumapili. Lilitembea siku zote, na kila wakati likiwa na mtu mwenye haraka.

Jumatatu alfajiri nilipata lifti kwenye lori la mawe. Nilipofika zahanati nikaambiwa gari limekwenda kumchukua mama mjamzito vijijini, litarudi muda wowote. Nilikaa kwenye ukingo wa varanda na wagonjwa. Saa nne ikafika, halijaonekana, na ilipotimia saa sita nikawa nimeshaua watu wengi kichwani mwangu. Kila nilipofumba macho niliiona barabara ya mteremko na mawe yake makubwa, na yule mama ndani. Muuguzi aliniuliza kama nami ni mgonjwa, nikasema hapana, akanitazama akanipa kikombe cha uji hata hivyo.

Saa nane nilisikia injini. Nilisimama. Kuna kona kabla ya kufika pale, na dereva yeyote lazima aachie mafuta kwenye kona ile. Nilisikiliza. Mlio ukashuka, gari likapinda, likaja taratibu likasimama mbele yetu. Mama alikuwa salama. Nilimsubiri ashushwe ndipo nikafungua boneti. Kwenye ile springi, pale penye buluu, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Niliikandamiza kwa kidole gumba, kwa nguvu ndogo tu, ndoano ikabaki mkononi.

Dereva aliangalia, akasema, "Yesu wangu."

"Ndiyo," nikasema.

Jumanne nilikwenda Bunda nikiwa na springi tisa kwenye kopo la maziwa ya unga. Hakimu alikuwa mama wa makamo mwenye miwani na subira. Zakaria alisimama kizimbani, hakuangalia mtu. Maelezo yake yakasomwa. Alikuwa amekiri. Alisema kwamba hakumbuki vizuri, ila kama watu wote wanasema injini ilikuwa inanguruma, basi lazima mguu wake ulikuwa kwenye mafuta, na anamwomba Mama Rhobi msamaha. Hakuna aliyempiga wala kumtisha. Siku nne za kuwaza peke yake zilitosha.

Nilipoitwa nilifungua kopo. Nilieleza kwa shida, nikirudia rudia, mpaka hakimu akaniambia nitulie.

"Ulikagua Ijumaa. Mbona hukuandika?"

"Niliogopa, mheshimiwa."

"Ulimwogopa nani?"

"Nilijiogopa mwenyewe. Na nilitaka kukusanya magari kwanza."

Akasema twende uwanja wa kituo tukaone. Mahakama nzima ikatoka. Tuliweka mawe kwenye magurudumu ya pikapu, gia ikawekwa huru, springi ikiwa haipo, nikaunganisha waya injini ikawaka. Hakimu akaagiza Zakaria aketi kwenye usukani. Nikamwambia akanyage mafuta kidogo, halafu ahamishie mguu kwenye breki. Alifanya hivyo. Injini haikushuka. Ilizidi kunguruma, gari zima likitetemeka, na mlango wa dereva ulikuwa wazi kila mtu akiona kiatu chake kimekandamiza breki mpaka chini.

"Mguu wako uko wapi?" hakimu akauliza kwa sauti ya kushinda injini.

Zakaria aliinama kuutazama, kama siyo wake. "Uko hapa," akasema. Akarudia. "Uko hapa. Ulikuwa hapa hapa." Akaanza kulia, na mimi nikaingiza mkono chini nikatenganisha waya ili watu wasiendelee kupigiwa kelele.

Aliachiwa siku ile. Mimi nilipewa onyo kali, karakana ikanisimamisha kwa miezi kadhaa kisha ikanirudisha kuosha spea kwa mafuta ya taa, kazi niliyoanzia. Niliahidi kutozungumzia vyeo, na hapa naona nilikuwa na busara. Mguu wa Mama Rhobi ulipona ukiwa umepinda kidogo. Nilikwenda kumlimia shamba misimu miwili, na misimu yote miwili alinikaripia ninavyoshika jembe. Zakaria hakuendesha gari tena. Chama kilimtaka arudi, akakataa, akaenda kulima mtama kwao Nyamuswa. Tulipokutana njiani alinisalimia kwa adabu na kupita, na mimi nilimshukuru Mungu kwa kupita kwake.

Baadaye milango ya biashara ikafunguliwa. Maduka ya spea yakaota mjini kama uyoga, springi zikaja kwenye vifuko vya nailoni, nyingi zikiwa bandia, lakini zilikuwapo. Yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani, mengine yanabadilisha gia yenyewe, na wateja wapya wa aina nyingine. Mfanyabiashara mmoja alikuja akilalamika kwamba gari lake limeruka likabomoa geti lake mwenyewe. Mafundi wangu wakacheka: mzee amechanganya pedali. Mimi sikucheka. Nilipiga magoti, nikakuta ameshonesha zulia zito kwa fundi cherehani, amelitandika juu ya zulia la gari, na ukingo wake umeikamata pedali. Naomba mlishike hilo. Mtu akisema gari limeenda lenyewe, fungueni na mwangalie kwanza. Anaweza kuwa amekosea, ndiyo, wengi wanakosea, lakini mjue hilo kwa macho, siyo kwa akili timamu.

Katika semina moja Mwanza mhandisi alitueleza kwamba huko nje kiwanda kikigundua kosa kinamwandikia kila mwenye gari, kinayaita yote yarudi, na kinayatengeneza bure. Ukumbi mzima uliguna. Kiwanda kinajitangaza chenyewe? Niliuliza barua hizo zinakwenda kwa nani, akasema kwa mmiliki aliyesajiliwa. Sisi tunapata gari, barua inabaki kwa Mjapani aliyeliuza. Ndiyo maana mlinikuta na lile daftari ambalo mlizoea kulitania, lenye kila gari na kila kifaa nilichokigusa kwa mkono wangu. Endeleeni nalo, hata mkiona uvivu.

Miaka michache kabla sijastaafu, Zakaria alikuja karakana. Alikuja na mkwewe, aliyekuwa na gari dogo lililotumika ambalo lilikuwa linapandisha mlio lenyewe, taa nyekundu ya dashibodi ikiwaka au isiwake. Alikuwa amezeeka, nywele nyeupe tupu. Nilimwekea kiti kivulini, nikampa soda, nikafanya kazi mwenyewe. Waya wa mafuta ulikuwa umechanika nyuzi ndani ya mpira wake. Nilipomaliza, mkwewe akaenda kulijaribu, tukabaki wawili. Alikuwa anaigeuza ile chupa ya soda.

"Masatu," akasema. Hakuwahi kuniita jina. "Ile Ijumaa ulipopita pale dirishani, ilikuwa mfukoni?"

"Ilikuwa mfukoni, kaka."

Nikamweleza. Nilimpa sababu yangu yote, magari manane, kwamba mimi peke yangu ndiye niliyejua yalipo, lile la Butiama na ule mstari mwembamba, ndoano iliyobaki mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Hiyo naielewa," akasema. "Ungesema siku ile wangekufungia, na hizo gari zingeua watu. Mi siyo mjinga. Lakini ungeniambia mimi tu. Pale dirishani, kwa sauti ya chini, hakuna mtu angesikia. Ningekaa ndani hata mwezi, ningekunyamazia mpaka umalize gari zako. Ila ningekuwa najua."

Kwa miaka yote ile, hilo sikuwa nimeliwaza hata mara moja.